Koti la Milia

Nguo za Mama zilikuwa zimepangwa kitandani kwa mafungu, na msimamizi alikuwa dada yake Baba, ambaye sote tunamwita Tata. Kwetu mtu akishazikwa, nguo zake hugawiwa watu wake, na Tata hana mchezo na kazi kama hiyo. Sweta za kanisani zilienda kwa mmoja, vitenge kwa mwingine, viatu kwa yeyote ambaye mguu wake ungekubali. Kisha akatia mkono chini kabisa ya sanduku la bati, akatoa koti refu jeusi lenye mistari myeupe, akaliinua kwa vidole viwili.

"Na hii? Mama Wairimu alikuwa anacheza drama?"

Watu walicheka, kile kicheko cha watu waliolia siku nyingi na sasa wanatafuta pa kupumulia. Nami nilicheka. Halafu harufu ya lile koti ikanifikia. Juu juu ilikuwa dawa ya nondo, lakini chini yake, kwa mbali, kulikuwa na nyasi kavu na maziwa yaliyolala. Nililinyakua mkononi mwa Tata kwa namna iliyomfanya anitazame mara mbili.

"Hilo ni langu," nilisema.

"Chukua tu, mami. Nani ataenda kanisa amevaa punda milia?"

Nililikunja, nikaliweka mapajani, na sikusikia tena nani alipewa nini.

Baba alikuwa mtunza wanyama katika bustani moja ndogo nje ya mji wa Nakuru, kwenye shamba lililokuwa la mzungu zamani. Mzungu aliacha zizi la farasi la mawe, miti ya mikaratusi na bomba lililovuja miaka yote niliyokaa pale. Nyumba za wafanyakazi zilikuwa nyuma ya zizi hilo. Ukisimama mlangoni kwetu uliona mgongo wa mlima Menengai, na asubuhi uliamshwa na tausi, ndege mzuri wa kutazama lakini mwenye sauti ya mtu anayekanyagwa.

Wafanyakazi wa pale walikuwa na desturi yao. Mnyama akiletwa, aliitwa jina la mahali alikotoka. Sijui nani alianza, lakini hakuna aliyethubutu kuivunja. Elburgon alikuwa mbega aliyeokotwa juu ya rundo la mbao kwenye kiwanda cha kupasua miti, amejaa vumbi la mbao hadi kwenye kope. Naivasha alikuwa tai aliyevunjika bawa kwenye nyavu za ziwani. Njoro walikuwa wawili, kobe waliotolewa katika ua wa mtu. Jioni Baba akivua gambuti mlangoni alitupa habari: Elburgon amekataa ndizi, Njoro wamepigana, Naivasha amemuuma Otieno, mtunza wanyama mwenzake, kidole. Mgeni angedhani nchi imeharibika.

Mama alikuwa fundi wa nguo. Alishona ovaroli za wafanyakazi na yunifomu za shule mbili za karibu, cherehani yake ikiwa barazani ambako mwanga ulikuwa mzuri. Alikuwa na tabia ya kushika pini mdomoni na kuimba hapo hapo, kwa hivyo nyimbo zake zote zilitokea puani. Mimi nilikaa chini ya meza kati ya vipande vya vitambaa, nikitazama mguu wake ukikanyaga, nikiamini kwamba wimbo ndio uliokuwa ukiendesha ile mashine.

Nilipokuwa darasa la kwanza niliambiwa kwamba Mama ataenda hospitali kununua mtoto. Ndivyo watoto wote tulivyoambiwa, na hakuna aliyetaja tumbo, ingawa tumbo lilikuwa pale mezani pamoja nasi. Nguo za mtoto hazikununuliwa mapema pia, maana watu wa kwetu huogopa kumpangia mtoto kabla hajafika. Kilichotolewa sandukuni ni shali tu, shali nyeupe ya sufi ambayo Cucu, mama yake Mama, alikuwa ameitarizi maua madogo ya bluu pembezoni mwote. Mimi nililetwa nyumbani ndani ya shali hiyo. Ilipofuliwa na kuanikwa nyuma ya nyumba, nilijua mambo yamekaribia.

Nilikuwa na maelezo yangu kamili kuhusu jambo hilo. Pale kwetu watoto walifika kwa lori, ndani ya kreti yenye matundu na nyasi, na niliwaona kwa macho yangu. Kwa hivyo hospitali ilikuwa stoo. Lori lilishusha watoto pale, akina mama wakaenda kuchagua, na anayechelewa akikosa, shauri yake.

Mama alirudi kutoka hospitali na mkoba wake mkononi, na pembe ya shali ikichungulia kwenye zipu. Baba alimshika kiwiko akimwongoza kama mtu anayetembea gizani, na jua lilikuwa linawaka. Nilikimbia hadi kwenye mkoba, nikauangalia, nikamwangalia Baba.

"Mtoto hatukumpata, Wairimu," Baba alisema.

"Wameisha?"

Aliniwekea mkono kichwani. "Eeh. Wameisha."

Nilimwamini, kwa sababu sukari iliwahi kuisha dukani, unga pia, na kesho yake vikaja. Kitu ambacho sikukielewa ni kwa nini Mama alifunika cherehani kwa kitambaa siku hiyo na hakuifunua siku zilizofuata. Aliketi pale pale barazani, kwenye kiti kile kile, mikono mapajani. Yunifomu za watu zilirudishwa zikiwa hazijakatwa. Mara nyingine blauzi yake ililowa kifuani, madoa mawili makubwa, naye alijikunja na kuingia ndani haraka. Nilidhani anajimwagia chai kwa sababu mikono imechoka. Nilianza kumpelekea chai nusu kikombe.

Nakumbuka nilichokitaka wakati ule, na kilikuwa kimoja. Nilitaka aimbe. Nyumba bila ule wimbo wa puani iliniogopesha kuliko fisi aliyelia bandani.

Na ubaya wake, msimu huo bustani yenyewe ilikuwa inachangamka kuliko wakati wowote. Waya mpya ulizungushiwa uwanja wa chini. Kidimbwi kilichimbwa, njia za wageni zikamwagwa kokoto, na bomba lile la mzungu likazibwa hatimaye, ingawa lilianza kuvuja mahali pengine. Mabasi ya shule yalikuja hadi siku za katikati ya wiki. Swala walizaa. Mbuni walitotoa vifaranga waliokimbia huku na huko bila mpango. Hata sungura wa watoto kuchezea, ambao tulihakikishiwa kwamba wote ni madume, walizaa. Kila banda lilikuwa na mtoto isipokuwa nyumba yetu. Wageni walipiga kelele za furaha kwenye nyua, na Mama aliingia ndani akafunga dirisha.

Niliamua kuchukua hatua. Dereva wa lori lililoleta wanyama alikuwa Baba Chebet, mtu mrefu mwenye pengo, aliyewaita wanaume wote boss na mimi, kwa utani, mathe, yaani mama. Nilimvizia akikagua magurudumu.

"Baba Chebet, ukienda huko mnatoa watoto, utuletee mmoja. Mama alienda wakamwambia wameisha."

Aliacha kugonga gurudumu. "Mtoto wa nini, mathe?"

"Wa kwetu. Msichana."

Hakucheka, na kwa mtu aliyecheka kila kitu, hilo lilinipa matumaini. Alichutama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu, akatoa mfukoni hindi la kuchoma lililobaki nusu, akanipa.

"Nitaangalia," alisema. "Lakini usiambie Mama bado. Sawa?"

"Sawa."

Basi lori lilipoingia siku chache baadaye na Baba Chebet akaniita kwa mkono kutoka dirishani, nilikimbia mbio. Walishusha kreti. Nilipenya kati ya miguu ya watu wazima hadi mbele kabisa. Ndani, juu ya nyasi, kulikuwa na mtoto wa punda milia, miguu mirefu isiyojua kazi yake, milia yake ikiwa rangi ya kahawia kama iliyofifia kwa kufuliwa. Mama yake alikuwa amegongwa na treni karibu na Longonot. Kwa hivyo jina lake lilikuwa tayari.

Nilimwangalia Baba Chebet kwa hasira nyingi. "Mimi nilisema mtoto wa mtu."

"Najua, mathe," alisema polepole. "Huyu pia hana mtu."

Longonot alikataa maziwa. Baba alijaribu na chupa, Otieno alijaribu, na kila mara mtoto yule aligeuza uso ukutani katika zizi la farasi na kulia, kilio chembamba kilichofika hadi barazani kwetu. Daktari wa mifugo alikuja kutoka mjini, mama mnene mwenye miwani, akampima, akasimama akifuta mikono.

"Hana ugonjwa. Anatafuta mamake," alisema. "Mtoto wa punda milia akizaliwa, kitu anashika kwanza ni milia ya mama. Anaifuata hiyo. Shoneni koti ya milia, yeyote anayemlisha aivae. Lakini iwe leo. Kesho hatakuwa na nguvu ya kunyonya."

Baba alikuja nyumbani moja kwa moja. Nilikuwa chini ya meza ya cherehani, mahali nilipoendelea kukaa ingawa hapakuwa na vipande vipya. Alisimama mbele ya Mama akiwa ameshika kofia.

"Mama Wairimu, kuna kazi."

"Mpelekee fundi wa Lanet."

"Wa Lanet atamaliza wiki ijayo. Hii mtoto inakufa leo."

Kilio kilisikika tena kutoka zizini. Niliona vidole vya Mama vikikunja kitambaa cha sketi, vikikunjua, vikikunja.

"Lete lile kabuti lako jeusi," alisema mwishowe.

Aliingia ndani, akakaa huko, na niliposikia mfuniko wa sanduku la bati ukigonga sikulifikiria. Alitoka na vipande virefu vyeupe vilivyokwisha kukatwa. Alivuta kitambaa kwenye cherehani na vumbi likaruka. Alilikata kabuti la Baba vipande pia, na mguu ukaanza kukanyaga, ukiunganisha cheusi na cheupe. Pini zilikuwa mdomoni, lakini wimbo haukuwepo, na nilimsikiliza mpaka mwisho nikingoja.

"Hii nyeupe umetoa wapi?" Baba aliuliza alipokuja kulichukua.

"Nilikuwa nayo tu."

Otieno ndiye aliyelivaa kwanza. Alikuwa na kifua cha mpiga ngoma, na koti lilimbana hadi mikono ikasimama mbali na mwili. Kutoka mlangoni mwa zizi alionekana kama kunguru aliyelowa. Longonot alimtazama mara moja akarudisha uso ukutani. Daktari akasema labda likilegezwa makwapa, na Baba akanituma nimwite Mama.

Alikuja na mkasi na uzi, akitazama chini. Tangu arudi hospitali hakuwa amekaribia hata banda moja. Otieno alilivua koti akampa. Na Mama alipokuwa ameinama kutafuta mshono, yule mtoto alilia, karibu sana, kilio kile chembamba, na nikaona blauzi ya Mama ikilowa. Madoa mawili, mbele ya watu wote, na safari hii hakuwa na chai. Wanaume waliangalia dari. Mama alishtuka, akajifunika kwa kitu cha pekee alichokuwa nacho mkononi. Aliingiza mkono mmoja, mkono wa pili, akafunga vifungo hadi shingoni. Koti lilimkaa sawasawa, kwa sababu wakati wa kulikata hakuwa na mwili wa mtu mwingine wa kupimia ila wake.

Longonot aligeuka. Alitazama milia. Alikuja, mguu mmoja ukigongana na mwingine, akasukuma pua yake kifuani pa Mama, pale pale, akaanza kutafuta.

Daktari alimpa Mama chupa. Mama aliiweka chini ya kwapa, kwenye mkunjo wa koti, na mtoto akaipata. Alinyonya kwa kelele, mkia ukitikisika. Mama alisimama wima kama aliyeagizwa asisogee, machozi yakimtiririka hadi kidevuni yakidondoka kwenye masikio ya mnyama. Na kisha nikasikia kitu. Hakuwa na pini mdomoni, lakini wimbo ulitokea puani.

Nilimvuta Baba suruali. "Kwa hivyo tumemkubali, hata kama walikosea?"

"Walikosea nini?"

"Mimi niliagiza wa mtu."

Baba alicheka, akageukia ukuta, na nilipoona mabega yake sikujua tena kama bado anacheka.

Koti lile lilivaliwa na kila mtu. Daktari alitaka Longonot azoee milia asizoee mtu, ndiyo maana Mama alilegeza makwapa na wanaume wakalisha kwa zamu. Lakini zamu ya mchana ilikuwa ya Mama, na mimi nilikaa naye kwenye majani. Longonot akishiba alilala kichwa kikiwa upande mmoja wa paja, nami nililala upande wa pili, shavu kwenye mstari mweupe, kwa sababu mweupe ulikuwa laini na mweusi ulikuwa unawasha.

Siku moja nikicheza mke na mume na mwanasesere wangu nilitafuta shali ya maua ya bluu sandukuni, nikaikosa. Nilielewa mara moja. Mama aliirudisha hospitali. Ameghairi kununua mtoto. Sikumuuliza, lakini iliniuma, na nilibaki nayo hivyo, kama mambo mengi ambayo mtoto huyahukumu na faili kufungwa. Hakukuwa na mtoto mwingine baada ya hapo. Tulikaa sisi watatu.

Longonot alikua, milia yake ikakoza. Wafanyakazi waliungua mikono kwa kamba wakimhamishia uwanja wa chini, kwa punda milia wenzake, na kwa siku kadhaa Mama alisimama nje ya waya mpya amevaa koti. Kisha siku moja Longonot hakugeuza kichwa. Alikuwa anasukumana na mwenzake kwenye kidimbwi. Mama alifungua vifungo kimoja kimoja, akalivua, akalikunja kama mtu anayekunja shuka, akaenda nalo nyumbani. Kesho yake alishona yunifomu za shule nzima.

Miaka ilipita, na Longonot naye akazaa. Nilikuwa mkubwa kidogo, nilishajua kwamba watoto hawaji kwa lori. Lakini ni ajabu jinsi akili inavyofanya kazi. Nilijua hilo kuhusu watoto wote duniani na sikuwahi kurudi nyuma kulijua kuhusu wa kwetu. Tulisimama kwenye waya asubuhi, umande ukiwa bado chini, yule mdogo akijaribu kusimama na kuanguka, Otieno akimshangilia kama mchezaji mpira. Ubishi ukaanza kuhusu jina.

"Amezaliwa hapa," Otieno alisema. "Basi ni Nakuru."

"Nakuru tuko nayo. Yule swala."

"Nakuru Mbili, basi."

"Aitwe Muthoni," Mama alisema.

Hakuwa mfanyakazi wa bustani na hakuwa na sauti katika mambo hayo. Lakini hakuna aliyembishia. Otieno alivua kofia, akaivaa tena. Baba aliangalia viatu vyake.

Wakati tukirudi nyumbani nilikuwa nikipitia ramani yote kichwani, Molo, Rongai, Subukia, Gilgil, na sikuipata.

"Mama, Muthoni ni wapi?"

"Si mahali. Ni jina la Cucu. Na ni la dada yako."

Nilisimama. Cucu kwangu alikuwa Cucu tu, na dada sikuwa naye.

"Yule mlienda kununua? Si walikuwa wameisha?"

"Hawakuisha, Wairimu." Alinishika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nianze kujiona mkubwa. "Alikuja. Alikuwa na nywele nyingi kama zako. Hakukaa."

Hakulitaja jambo hilo tena maisha yake yote. Nilipokuja kunyonyesha wa kwangu, na kusikia mtoto wa jirani akilia, na kuhisi maziwa yakishuka bila ruhusa, ndipo nilipokumbuka madoa yale mawili na chai yangu ya nusu kikombe. Nililia bafuni huku maji yakimwagika ili mume wangu asisikie.

Baada ya mgao wa nguo nilifika kwangu, nikalitandaza koti kitandani. Bitana ilikuwa imechanika kwenye kwapa, mahali Mama alipolegezea kwa ajili ya Otieno. Niliingiza kidole tu kuona kama linashoneka. Kidole kikagusa uzi ulioinuka, kitu kidogo kama kidonda kilichopona. Nilipanua mpasuko, nikageuza mshono kwenye dirisha.

Ua la bluu. Pembeni yake jingine, na jingine, yakifuata ukingo wa mstari mweupe hadi yalikopotea chini ya bitana. Nilipapasa mstari wa pili, kisha wa tatu. Shali yote ilikuwa humo. Alikuwa ameikata vipande na kukunja kila ukingo ndani, maua yasionekane na mtu.

Nilikuwa nimelala juu yake mchana baada ya mchana. Longonot alikuwa amelala juu yake. Kila mwanaume wa bustani ile alikuwa ameivaa. Nami miaka yote hiyo nilidhani aliirudisha.

Niliketi nayo mpaka binti yangu aliporudi shuleni, akasimama mlangoni na begi mgongoni, akauliza ni nini hicho.

"Shali ya mama mdogo wako," nilimwambia.

"Mama mdogo gani?"

Nilimwambia alete kiti. Nilimsimulia habari za Muthoni huku nikitunga uzi kwenye sindano, na nilipomaliza nilishona bitana pale ilipochanika, nikayafunika maua kama alivyoyafunika Mama.